Rangi ya njano ya mafuta kwenye vichezeo vya mbao: nitajuaje kama ina risasi (ile metali yenye sumu)?

seremala_tanga: Wakuu, naomba msaada. Natengeneza magari na vibao vya herufi vya mbao kwa ajili ya chekechea. Kopo la rangi limeandikwa "haina risasi", ila halionyeshi kiwango chochote. Watoto wale watavitia mdomoni tu. Nipime vipi, na kikomo ni kipi?

mkemia_wa_rangi: Anza na njano, chungwa na nyekundu. Kromati ya risasi, unga wa rangi wenye risasi ndani yake, ndiyo inayotoa ule ung'avu kwa bei ndogo. Nyeupe nayo usiiamini hivihivi, maana kikaushio chake (dawa ya kuikausha haraka) kinaweza kuwa cha risasi.

Kikomo cha rangi Afrika Mashariki ni 90 ppm, yaani miligramu 90 kwa kilo ya rangi *iliyokauka*. Ukipima ya majimaji, kiyeyushi kinashusha namba na rangi mbaya inapita.

Paka tabaka mbili tatu kwenye kioo safi, brashi mpya kwa kila rangi (iliyogusa njano itachafua nyeupe). Ikikauka kabisa, kwangua kwa wembe, tia kwenye mfuko safi, andika rangi na namba ya bechi iliyo kwenye kopo, upeleke maabara.

mkaguzi_bandari: Vile vijiti vya kupimia risasi, vinavyobadilika rangi, visikudanganye. Risasi ikiwa kidogo havioni, na juu ya rangi nyekundu hata usomaji wenyewe ni shida. Kipimo cha eksirei cha mkononi ni cha haraka, lakini tabaka likiwa jembamba kinasoma na mbao iliyo chini. Namba ikikaribia 90, dai sampuli iyeyushwe kwa asidi.

Tena usichanganye ripoti. Kikomo cha 90 ppm cha Marekani ni cha risasi yote iliyomo. Kile cha 23 ppm cha Ulaya, tangu Oktoba 2018, ni cha ile tu inayotoka kwenye asidi hafifu mfano wa ya tumboni.

seremala_tanga: Na vilivyokwisha kupakwa?

mkemia_wa_rangi: Viondoe darasani leo, kabla ya majibu. Usipige msasa mkavu: vumbi lake ndilo baya kuliko yote, na mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima kwa kiasi kilekile. Vanishi juu yake haisaidii, meno yanaibandua.

Vipya viache rangi ya mti, usugue nta ya nyuki. Ukitaka mafuta ya kitani, chukua yasiyotiwa vikaushio. Yale yanayouzwa kama "ya kuchemsha" mara nyingi yana vikaushio vya metali.