Kikomo cha ampea nimeweka, mbona fyuzi inakatika nikigusisha betri?

KinyoziMbagala: Habari za jioni wakuu. Nina saluni hapa Rangi Tatu, umeme ukikatika nanyolea kwa betri ya litiamu fosfeti ya 24V, seli nane. Naichaji kwa pawa saplai ya mezani ya 30V 5A niliyonunua Kariakoo. Kikomo nimeweka 3A, lakini klipu ikigusa betri tu, cheche ya bluu, na fyuzi ya kioo ya 5A kwishney. Hata saplai ikiwa imezimwa! Chanya na hasi sijageuza. Umeme unatoka wapi?

FundiTandika: Unatoka kwenye betri yenyewe, mkuu. Pale saplai inapotolea umeme kuna kapasita, yaani vifaa vinavyotunza umeme kwa muda, nazo ziko nje ya saketi inayosimamia ampea. Saplai ikizimwa zinabaki tupu, na kapasita tupu mbele ya betri ni kama shoti. Chukua 26V, gawa kwa omu 0.05 za waya na betri: 520A. Ni kufumba na kufumbua, ila fyuzi nyembamba haivumilii. Nakuomba usiweke fyuzi kubwa zaidi, hiyo ndiyo inayolinda saluni yako isiungue.

Pima betri kwa mita. Washa saplai kabla ya kuunga, shusha volti zake zilingane na za betri, ndipo uunge. Kisha panda taratibu hadi 28.8V, yaani 3.6V kwa seli. Ukianzia 28.8V, kapasita zilizojaa zinamwagika kwenye betri na kikomo chako hakizizuii.

MzeeWaWaya: Sawa, ila siku anaunga kijana wa saluni atakumbuka kupima? Weka rezista (kifaa cha kubana mkondo) ya omu 47, wati 10, kwenye waya wa chanya, na swichi sambamba nayo. Unga betri swichi ikiwa imezimwa, subiri sekunde mbili, kisha iwashe. Mkondo wa kuanzia hauzidi 0.6A.

KinyoziMbagala: Nimeshusha hadi 25.9V, kimya kabisa, hakuna cheche! Asanteni sana. Je, umeme ukikatika katikati ya kuchaji?

FundiTandika: Betri itausukuma umeme kurudi kwenye saplai, na saplai nyingine hufa hivyo. Weka dayodi ya Schottky ya 10A, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa chanya, upande wenye mstari uelekee betri. Inakula kama 0.4V, kwa hiyo hizo 28.8V zipime kwenye betri, usiamini kioo cha saplai.