Gumzo la familia: Bosi na Chui

JUMATATU

Shangazi Rehema: Hamjambo nyote. Yule mtoto wetu wa mbwa, Bosi, tangu jana hataki kula. Asubuhi hii macho yamejaa tongotongo, moja limegandamana kabisa, na pua inachuruzika. Mwenzake Chui anacheza kama kawaida. Ni mafua tu au kuna jambo?

Mjomba Idi: Pole dada. Mafua hayo. Ponda nusu kidonge cha maumivu, mchanganyie kwenye maziwa.

Salma: Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Mjomba, nakuomba hicho kidonge kisitolewe. Dawa zetu za maumivu si za mbwa. Nyingine hutoboa tumbo na kuua figo, nyingine huharibu ini, na huyu ni mtoto. Shangazi, makamasi ni maji au mazito?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Juzi yalikuwa maji. Leo mazito, kijani kijani.

Juma: Anakohoa pia, na ameharisha mara mbili usiku. Nilipokuwa namfuta nimeona vipele vya usaha tumboni, pale pasipo na manyoya.

Salma: Juma, wiki iliyopita kuna siku alijikunyata, mwili wa moto, kesho yake akaamka mzima?

Juma: Jumatano! Nikadhani amechoka kwa kukimbizana na mwenzake.

Salma: Basi naogopa ni distempa, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na kirusi. Homa yake huja mara mbili. Ya kwanza inapanda siku chache baada ya kirusi kuingia, inapoa, na wengi hawaioni. Ya pili ndiyo inakuja na macho, pua, kifua na tumbo kwa mpigo. Siwezi kuthibitisha kwa simu, vipimo ndivyo vitasema. Ila mtengeni na Chui sasa hivi, mengine mtasoma baadaye. Bakuli lake, tandiko lake, na mtu mmoja tu wa kumhudumia.

Juma: Nimemhamishia stoo. Mimi ndiye nitakayemhudumia.

Salma: Ahsante mdogo wangu. Anza na Chui kila mara, Bosi awe wa mwisho, kisha unawe na ubadilishe nguo. Kirusi kinasafiri kwa matone ya kikohozi na chafya, kimo kwenye kamasi, mate, mkojo na choo. Na mkienda kwa daktari wa mifugo mpigieni kwanza mkiwa njiani. Msiingie naye pale wanapokaa mbwa wengine, wala msimtue chini.

Shangazi Rehema: Lakini walichanjwa, Salma. Niliwapeleka mwenyewe walipofika wiki sita.

Salma: Mara moja?

Shangazi Rehema: Mara moja. Sikujua kuna nyingine.

Salma: Shangazi, usijilaumu, hili nalikuta kila wiki kazini. Nitalieleza usiku nikitulia.

JUMATATU USIKU

Salma: Sasa nimetulia. Mtoto wa mbwa akizaliwa hunyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, na ndani ya dang'a kuna kinga ya mama yake. Hiyo kinga inamlinda wiki za mwanzo, lakini pia inaiua chanjo. Ukimchoma akiwa na wiki sita, kinga ya mama inaweza kuimaliza dawa kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Na kinga ya mama haiishi siku moja kwa watoto wote. Huyu inamwisha wiki ya nane, ndugu yake wa tumbo moja wiki ya kumi na tatu. Kwa macho hutajua. Ndiyo maana tunaanza wiki ya sita hadi ya nane, tunarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, na hatuachi mpaka avuke wiki ya 16. Ile ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo watu wengi huiruka kwa sababu mtoto ameshanenepa na anaonekana mzima.

Neema: Mungu wangu. Wangu wanne wamechanjwa mara moja tu.

Salma: Wana umri gani?

Neema: Wiki kumi.

Salma: Kesho wapeleke, dada. Na mpaka wamalize msiwatembeze penye mbwa usiowajua. Kwa Shangazi msifike kabisa kwa sasa.

Neema: Na mtoto wangu? Jumamosi alimbeba Bosi, alimbusu mpaka puani.

Salma: Mtoto yuko salama, distempa haimpati binadamu. Ila watoto wako wa mbwa je, alipotoka kwa Bosi aliwashika?

Neema: Ndiyo, jioni ile ile.

Salma: Mweleze daktari hivyo hivyo kesho. Kisha waangalie wiki mbili: macho, pua, hamu ya kula.

ALHAMISI

Shangazi Rehema: Majibu yametoka. Walichukua ute wa macho na pua, na mkojo. Ni distempa. Chui naye ameanza kukohoa.

Babu: Poleni wanangu. Nimeiona picha ya yule mbwa, ikanirudisha mbali. Ng'ombe wenye sotoka walikuwa na macho hayo hayo.

Salma: Babu, umeona sawasawa. Kirusi cha sotoka, cha surua na cha distempa ni ukoo mmoja. Sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, chanjo ndiyo iliyoimaliza. Distempa ni ngumu zaidi kwa sababu haina mwenyeji mmoja. Inaingia kwa mbweha, mbwa mwitu, hata simba. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti.

Babu: Simba? Kwa ugonjwa wa mbwa?

Salma: Ndiyo Babu.

Mjomba Idi: Sasa dawa yake ni ipi?

Salma: Ya kukiua kirusi chenyewe haipo, Mjomba. Tunamshikilia mgonjwa mwili wake upigane: maji ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika, chakula laini, na antibayotiki.

Mjomba Idi: Antibayotiki si haiui virusi?

Salma: Haiui. Lakini distempa inavamia chembe za kinga zenyewe, mwili unabaki bila askari. Bakteria wanaingia mapafuni, na nimonia ndiyo inawaua wengi kabla ya jambo lingine lolote. Hao bakteria ndio tunaowapiga.

JUMAPILI

Juma: Nimelala naye stoo. Namfuta macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu kila saa mbili. Juu ya pua kuna ukoko, nikiulowesha unatoka na anapumua vizuri. Amekula vijiko vitatu kwa kulishwa. Kuna kitu kingine: akitembea miguu inagonga sakafu, tok tok, kama amevaa viatu. Nyayo zimekuwa ngumu, zina nyufa.

Salma: Hiyo ni distempa. Kirusi kinafanya ngozi ya nyayo na pua iwe nene. Zamani watu walidhani ni ugonjwa mwingine kabisa. Mpake mafuta atakayokupa daktari, asije akayalamba ya kwako. Na Juma, lala na wewe.

WIKI YA PILI, IJUMAA

Shangazi Rehema: Alhamdulillahi! Bosi amemaliza bakuli zima. Macho makavu. Alipomwona Juma mkia ulitingisha mpaka akaanguka. Chui naye kikohozi kimepungua.

Neema: Nimelia kwa furaha.

Mjomba Idi: Hongera Juma, umemwuguza kama mtoto.

Salma: Nimefurahi sana. Lakini sitaki kuwaficha jambo. Kirusi hiki kinapenda ubongo na uti wa mgongo. Kuna mbwa anayepona kifua na tumbo, anakula, ananenepa, halafu wiki moja hadi tatu baadaye, au hata zaidi, mishipa ya fahamu ndiyo inaanza. Wengine hawafikwi na hilo kabisa. Juma, ukiona msuli unarukaruka, kichwa kimeinama upande, anazunguka mahali pamoja, au anatafuna bila chakula mdomoni, rekodi video unitumie saa hiyo hiyo.

WIKI YA TANO, JUMATANO

Juma: [video]

Juma: Salma, amka tafadhali. Anatafuna hewa. Mate yanatoka povu. Amejikojolea.

Mjomba Idi: Povu? Huyo ana kichaa! Tokeni ndani wote!

Salma: Nimeamka. Juma usimtie mkono mdomoni, hatameza ulimi. Ondoa vitu vya kujigonga, zima taa, hesabu dakika. Mjomba ana haki ya kuogopa. Hii inaonekana kama degedege la distempa, lakini kwa macho tu hakuna anayeweza kuitenga na kichaa cha mbwa. Kuna aliyeng'atwa, au aliyepakwa mate kwenye kidonda?

Juma: Hakuna. Imekoma. Dakika moja na nusu.

Salma: Akitokea aliyeng'atwa, ajioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo. Sasa mpelekeni Bosi kwa daktari usiku huu, kwa glavu, mkiwa mmemfunga kwenye shuka.

ALHAMISI JIONI

Shangazi Rehema: Degedege limerudi mara tisa tangu alfajiri. Dawa wamempa, halitulii. Yeye hatutambui tena. Daktari amesema ameshafanya aliloweza, ametuuliza kama tunataka apumzishwe.

Salma: Shangazi, mimi pia ningewauliza hivyo. Kwa mshtuko unaofuatana namna hiyo, hapumziki hata dakika. Hamumwachi. Mnamtoa kwenye mateso.

Shangazi Rehema: Juma amemshika kichwa mpaka mwisho.

Babu: Poleni sana. Juma, mjukuu wangu, pole.

Neema: Pole Juma. Pole Shangazi.

MIEZI MIWILI BAADAYE

Shangazi Rehema: Salma, jirani ananipa mtoto mwingine wa mbwa. Stoo si bado ina ugonjwa?

Salma: Stoo haina neno. Nje ya mwili kirusi cha distempa ni dhaifu, jua, ukavu na sabuni vinakimaliza upesi. Si kama cha pavo, ule ugonjwa mwingine wa mbwa, kinachokaa udongoni miezi na miezi. Ninayemwogopa ni Chui. Mbwa aliyepona anaweza kuendelea kukitoa kirusi kwa miezi. Apimwe kwanza. Na huyo mgeni amalize chanjo zote ndipo aje.

Shangazi Rehema: Tutasubiri. Haraka haina baraka.

Neema: Wangu walichomwa ya mwisho walipotimiza wiki kumi na nane. Kadi zote ziko ukutani. Hakuna aliyekohoa hata mmoja.

Salma: Umeniondolea mzigo, dada. Sasa ni ile ya kukumbushia kabla mwaka haujaisha.

Juma: Chui amepimwa asubuhi, hana kirusi. Ila mguu wa nyuma wa kushoto bado unarukaruka, hata akilala. Kama saa.

Salma: Huo unaweza kubaki maisha yake yote. Kama anakula na anatembea, ataishi nao.

Juma: Na meno mapya yameota. Yana mashimo mashimo na rangi ya kahawia, kama yameliwa na kutu. Nimefanya kosa gani?

Salma: Hujakosea chochote. Alipougua, meno hayo yalikuwa bado ndani ya fizi yanatengenezwa, na kirusi kikayaharibu utando wake wa nje. Yatakuwa laini, chakula kitagandia, basi umpigie mswaki wa mbwa na umwepushe na mifupa migumu.

Juma: Sawa. Nitaanza leo usiku.