Wauza vinanda wa Tanga, mdoli wenye taa si kinanda cha kujifunzia!

Wakuu, salamu baadaye. Huu ni uzi wa malalamiko, na kama wewe ni muuzaji wa vinanda Ngamiani au popote mjini hapa, soma mpaka mwisho ndipo utukane.

Mtu anaingia dukani na laki mbili tatu zake alizojinyima, anaomba kinanda cha kujifunzia nyumbani. Anapewa mdoli. Anasifiwa taa, anasifiwa maiki ya bure, anaonyeshwa maandishi ya "sauti 255, midundo 255" ambayo ukizisikiliza moja moja utakuta ni sauti zile zile zinajirudia kwa majina mengine. Kisha anaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Miezi miwili baadaye mtoto kakichoka, mzazi anatangaza mtaani kwamba mwanawe hana kipaji. Kipaji anacho, chombo ndicho hakina kitu.

Na msiniambie "ndiyo vinanda vya bei nafuu vilivyo". Si kweli. Vya bei nafuu vizuri vipo, ila mnauza kwa kuhesabu taa.

Nianze na tachi, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Kidole kikigonga kwa nguvu sauti itoke kubwa, kikigusa taratibu itoke ndogo. Ndani yake ni hivi: chini ya kila kibonyezo kuna raba yenye vidoti viwili vya kaboni. Kimoja hugusa saketi mapema kidogo kuliko mwenzake, na kinanda hupima muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili. Muda ukiwa mfupi, umegonga kwa nguvu. Kinanda kisicho na tachi kina mguso mmoja tu, kama swichi ya taa: kimewaka au kimezima. Bembeleza utakavyo, sauti ni ile ile. Mtu akijifunza mwaka mzima juu ya chombo hicho, siku akikalia piano halisi anaipiga kama anatwanga kisamvu.

Hapa jina kubwa halikuokoi. Yamaha PSR-E273 hakina tachi, PSR-E373 kinayo. Casio CT-S200 hakina, CT-S300 kinayo, na hivyo viwili vya Casio ukiviweka juu ya meza mtu asiyejua hatavitofautisha. PSR-F51 nacho hakina tachi, na wala hakina jeki ya pedali (tundu la kuchomeka kikanyagio cha kushikilia sauti). Halafu muuzaji anakwambia kwa kujiamini, "Ni Yamaha ile ile bosi, tofauti ni namba tu." Namba ndiyo kila kitu! Ukitoka dukani hujui namba ya modeli, umenunua boksi.

Kupima ni jambo la nusu dakika. Chagua sauti ya piano, gusa kibonyezo kimoja taratibu sana, kisha kigonge. Muuzaji akikimbilia kukuonyesha kwa sauti ya ogani, mrudishe kwenye piano, kwa sababu ogani kwa kawaida haifuati nguvu ya kidole hata kwenye kinanda kizuri. Na kama modeli unajua ina tachi lakini haijibu, angalia kwenye mipangilio, huenda imezimwa.

La pili ni ukubwa wa vibonyezo. Boksi limeandikwa 61, kweli ukihesabu ni 61, lakini vimebanwa mpaka kidole gumba kinakanyaga viwili. Nenda na rula ya shule ya sentimita 30. Vyeupe saba, kuanzia do mpaka ti, vinatakiwa vichukue sentimita 16 na nusu hivi. Kinanda cha 61 kina vyeupe 36 na vyeusi 25, kwa hiyo safu nzima ya vibonyezo inakaribia sentimita 85. Ukikuta 70 na ushee, hicho ni cha mtoto wa chekechea. Sina ugomvi na midoli inayojulikana kuwa midogo. Casio SA-76 kina vibonyezo vidogo 44, na hata picha ya boksi haikudanganyi. Ugomvi wangu ni na mdoli uliovishwa kanzu.

Hivyo 61, yaani oktavu tano (oktavu ni kutoka do moja mpaka do inayofuata), vinatosha kabisa kwa nyimbo za kwaya, kaswida, taarabu na kujifunza kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja). Anayetaka kufuata vitabu vya piano atafika mahali vitamwishia, atafute 76 au 88. Chini ya 61 mikono miwili inaanza kugombania nafasi.

Sauti ngapi zinalia kwa pamoja? Hili halitajwi kabisa dukani. SA-76 ni nane. PSR-E273 ni 32. PSR-E373 na CT-S300 ni 48. Unaweza kudhani nane zinatosha kwa kuwa vidole ni kumi tu, lakini mdundo ukiwashwa, ngoma, besi na kodi za nyuma zinakula humo humo, na ukikanyaga pedali noti za zamani bado zinashikilia nafasi. Zikijaa, kinanda kinakata noti ya mwanzo ili kitoe mpya. Ndiyo maana vile vya ovyo vinasikika kama vina kwikwi. Washa mdundo, shika kodi kwa mkono wa kushoto, piga haraka kwa kulia. Utasikia mwenyewe.

Sasa adapta. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira kweli, kwa sababu hapa mnaua hata vinanda vizima. Kinanda kimekuja bila adapta yake, kijana wa dukani anachomoa yoyote inayoingia tunduni, anawasha, kimewaka, "Iko poa." Si poa! Vinanda vya Yamaha vya daraja hili vinataka volti 12, chanya ikiwa katikati ya plagi. Casio nyingi za zamani zinataka volti 9 na katikati ni HASI. Ukibadilisha hivyo viwili, bahati yako ni daiodi au fyuzi ya ndani kufa. Bahati mbaya ni bodi. Volti zikipungua kinawaka vizuri, ila ukiongeza sauti kinajizima na kujiwasha, na mteja anaambiwa kinanda kina shoti. Zikizidi, ndani kunachemka mpaka siku kitakapokata roho. Pembeni ya tundu kuna mchoro mdogo wa duara na alama za kujumlisha na kutoa. Usome, ulinganishe na mchoro wa kwenye adapta. Volti ziwe zile zile. Ampea ziwe sawa au zaidi, zikizidi hazidhuru. Na adapta za bei ya karanga huleta mvumo kwenye spika. Kabla hujalaumu kinanda, kiwashe kwa betri: modeli hizi za Yamaha na Casio nilizotaja za vibonyezo 61 zinatumia betri sita za AA. Mvumo ukipotea, tatizo ni adapta.

Wanaonunua vya mtumba kutoka Japani, geuzeni chombo msome nyuma. Japani ni volti 100, ukutani kwetu ni 230. Adapta iliyoandikwa 100 peke yake inaungua hapo hapo. Kinanda kinachoingia umeme moja kwa moja bila adapta, kikiwa cha 100, kinahitaji transfoma ya kushusha, na bei ya transfoma uihesabu kabla ya kufurahia bei ya kinanda.

Kuna na hili la kukataa kuwasha. "Ukifungua boksi umenunua." Nani aliwafundisha? Tanga ni waja leo waondoka leo, ila tulidhani ni watu, kumbe siku hizi na vinanda. Kila mteja ana haki ya kupiga vibonyezo vyote 61 kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, kuanzia chini mpaka juu, kabla ya kutoa hela. Kinachokwama, kisicholia, au kinacholia kwa kelele kuliko wenzake kina kasoro. Ongeza sauti usikie kama spika zinakwaruza. Tikisa waya wa adapta kwenye tundu: kikizima, tundu limelegea. Fungua sehemu ya betri: ukiona ukungu wa kijani au kutu kwenye springi, acha. Hewa ya bahari hapa kwetu, hasa nyumba za upande wa Raskazone na Chumbageni, inakula vyuma kimya kimya, na kutu uliyoiona kwenye springi huenda imeshafika kwenye saketi.

Anayeagiza Dar es Salaam ili kitumwe kwa basi mpaka stendi ya Kange, aombe kwanza picha ya lebo ya nyuma na video ya vibonyezo vyote vikipigwa. Boksi liwe na povu lake pande zote mbili na lisilazwe chini ya magunia. Vibonyezo vya plastiki vikikandamizwa safari nzima vinavunjika kwenye bawaba, na hapo hakuna gundi inayosaidia.

NYONGEZA: wanaouliza kuhusu kuunganisha kwenye spika za nje. Vinanda hivi havina tundu la kutolea sauti peke yake, mnatumia lile la hedifoni. PSR-E373 ni jeki kubwa ya milimita 6.35, CT-S300 ni ndogo ya 3.5. Tundu ni la stereo. Ukichomeka waya wa mono (wa chaneli moja) unaiunganisha chaneli ya kulia na ardhi, ambayo ni shoti. Tafuta waya wenye jeki moja ya stereo upande wa kinanda na mbili za mono upande wa miksa. Ingia kwenye LINE, si MIC, anza na sauti ya kinanda nusu, halafu upandishe kwenye miksa. Spika za kinanda zitanyamaza ukichomeka, na ndivyo ilivyotengenezwa. Zikibaki kimya hata baada ya kuchomoa, swichi ndogo ndani ya tundu imeganda. Chomeka na kuchomoa mara kadhaa kwa haraka, mara nyingi inaachia. Kuna mafundi wanatoza kubadilisha spika kwa tatizo hilo.

NYONGEZA YA PILI: mdau kauliza kama kinanda cha kawaida kinafaa taarabu. Aibu iliyoje, mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na hakuna duka linalojua kujibu! Kinanda cha kawaida kina nusu toni 12 tu kwa oktavu. Nyimbo nyingi utazipiga bila shida. Ukitaka maqam (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) zenye robo toni huwezi: rast ya kuanzia do inataka mi na ti zishuke senti 50, yaani robo toni, bayati ya kuanzia re inataka mi ishuke hivyo hivyo. Tafuta vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, kama Yamaha PSR-A350 au Casio AT-3. Vina vitufe vya kushusha noti unayoitaka wakati unapiga. Kitufe cha transipozi hakifanyi kazi hiyo, kinahamisha noti zote kwa pamoja, kwa hiyo muuzaji asikuzuge nacho.

NYONGEZA YA TATU: kibonyezo kinacholia kwa kelele au kisicholia si lazima kiwe kimekufa. Mara nyingi ni uchafu kwenye vile vidoti vya kaboni. Toa betri na adapta. Legeza skrubu za chini huku ukizipanga kwa urefu, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa juu. Waya bapa uchomoe kwa kushika kichwa chake. Ukifika kwenye raba, usiguse kaboni kwa kidole. Futa kaboni na bodi kwa pamba ya masikio yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke. Msasa, petroli, mafuta ya kulegezea kutu na spiriti ya rangi ni marufuku, ya rangi inaacha utando. Rudisha raba kwa kusukuma vichuchu vyake kwa kijiti butu, na usizibe njia za hewa, zikizibwa kibonyezo kinakuwa kigumu. Kama kaboni imelika, badilishana: raba huja kwa vipande vya oktavu, chukua cha oktavu ya chini kabisa usiyoipiga sana, ulete katikati. Ila kipande cha mwisho huwa kina nafasi 13, usikichanganye na cha 12.

Na wewe uliyesema pedali yako inafanya kazi kinyume, ukikanyaga sauti inakatika, ukiachia inavuma: haijaharibika, usirudi dukani ukauziwe nyingine. Kampuni hutofautiana, nyingine swichi yake imefungwa wakati wa kupumzika, nyingine iko wazi. Zima kinanda, chomeka pedali, usiikanyage, kisha washa. Vinanda vingi vitaisoma upya. Kisipoisoma, geuza pedali uangalie chini kama ina kiswichi cha kubadilisha.