Mtoto wa miezi saba anaharisha, mama mkwe anasema ni meno ya plastiki yang'olewe. Nisaidieni

Mama Junior, Manyoni (Alhamisi usiku)

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa haraka, hasa kwa akina mama, na wataalamu kama wamo humu.

Mwanangu ana miezi saba. Tangu Jumatatu anaharisha, choo cha maji maji, leo nimehesabu mara sita. Jana na leo mwili umekuwa wa moto, analialia, mkono mdomoni muda wote, udenda unalowesha nguo. Ananyonya lakini si kama zamani. Jioni mama mkwe alimlaza mapajani, akampitishia kidole kwenye ufizi wa chini, kisha akaniita: "Njoo uone mwenyewe." Nikamulika kwa tochi ya simu. Kweli, pembeni huku na huku fizi zimetuna, na kwa ndani kuna weupe kama kitu kimejificha. Mama akasema hayo ni meno ya plastiki, hata mume wangu aling'olewa akiwa na umri huo huo, na yasipotolewa mtoto anaisha huku tunamwangalia. Kuna bibi kijiji cha pili anayeyatoa. Anataka twende Jumamosi asubuhi.

Mume wangu anaendesha lori, yuko njia ya Tunduma, simu yake inapatikana kwa shida. Nikikataa nitaonekana nimemdharau mama, na ni mama aliyenipokea vizuri sana hapa nyumbani. Nikikubali, roho yangu haitulii. Haya meno yapo kweli? Mliopitia mlifanyaje?

Mama wa Mapacha

Dada, usichelewe. Wangu wote wawili waling'olewa wakiwa na miezi minane, ndani ya siku mbili kuhara kukakata. Hospitali ukitaja meno ya plastiki wanakucheka, wanakupa maji ya chumvi na sukari unarudi nyumbani na mtoto wako vile vile. Msikilize mama mkwe, wazee wameona mengi.

Baba Wawili

Meno sijui. Ninachojua, kuhara siku nne kwa mtoto mdogo hivyo si jambo la kusubiri Jumamosi. Mpeleke kituo cha afya kesho kukipambazuka, hayo mengine yatazungumzwa baadaye.

Tabibu wa Meno

Mama Junior, pole sana. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, nimefanya kazi hii miaka 14, yote katika wilaya, na swali lako nimeulizwa zaidi ya swali lolote jingine. Lakini kabla ya meno, tuanze na usiku huu.

Mtazame mtoto sasa hivi. Mguse utosi, umebonyea? Macho yameingia ndani? Akilia, machozi yanatoka? Amekojoa mara ya mwisho saa ngapi? Finya ngozi ya tumbo taratibu halafu uachie. Ikirudi polepole, au akiwa mlegevu kama kitambaa, au hataki titi, au choo kina damu, usingoje kupambazuke, tafuta usafiri uende. Kama yuko macho na ananyonya, mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, na asubuhi na mapema muwe kituoni. Kama una pakti ya ORS ndani, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, imimine yote kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee. Yakifika saa 24 yamwage, uchanganye mengine. Kituoni waombe wampime malaria kwa sababu ya hilo joto, na waulize vidonge vya zinki. Kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 au zaidi kadiri watakavyokwambia. Wengi huacha siku ya tatu wakiona choo kimekuwa kigumu. Wewe usiache.

Sasa hayo meno. Mama wa Mapacha amesema hospitali tunacheka, na kwa hilo namuunga mkono kabisa. Ni kosa letu. Mama anakuja na hofu, amemulika mdomoni kwa macho yake akaona fizi zimetuna, halafu mtu aliyevaa koti jeupe anamwambia "hakuna kitu kama hicho" na kumwita anayefuata. Anatoka pale anajua jambo moja tu, kwamba huyu daktari hajui. Na njia ya kwa bibi anaifahamu.

Kwa hiyo nakwambia, ulichokiona kipo. Mama mkwe wako hakudanganya. Kidole chake kimegusa jino la chonge la utotoni, lile lenye ncha pembeni mwa meno ya mbele, ambalo bado liko ndani ya ufizi. Chonge ni nene kuliko meno ya mbele, ndiyo maana linautunisha ufizi, na kwa kuwa ufizi wa mtoto ni mwembamba, weupe unaonekana. Litakaa humo humo mpaka mtoto afikishe mwaka na miezi minne hivi, au karibu miaka miwili, ndipo lichomoze. Ukimpanua mdomo mtoto wa jirani wa umri huo huo ambaye haharishi, utakuta vivimbe hivyo hivyo. Mjaribu hata kesho.

Jina la plastiki nalo lina asili yake. Miaka kadhaa nyuma mama mmoja aliniletea vitu viwili amevifunga kwenye ncha ya khanga. Akafungua fundo polepole, akavimimina kwenye kiganja changu. Vilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, vyeupe, vinang'aa. Nikavigeuza kwa ncha ya kifaa. Upande wa juu palikuwa na kikofia kidogo kilichoanza kuwa kigumu, chini yake laini kabisa, unabonyea kama ute wa yai lililochemshwa nusu. Aliniuliza, "Daktari, hili si jino, si ndiyo?" Nilimjibu kwa hindi. Ukimenya hindi bichi kabisa, ukabonyeza punje, yanatoka maziwa. Huwezi kulitupa ukasema si hindi. Ni hindi ambalo halijakomaa. Yalikuwa machonge ya mwanawe. Wakati tunazungumza, mtoto mwenyewe alikuwa wodini anaongezewa damu.

Hapo ndipo penye hatari. Vifaa ninavyosimuliwa na wazazi ni spoki ya baiskeli iliyonolewa, wembe, msumari, wakati mwingine kucha tu. Mtoto ana damu kidogo mwilini, na huyu wako maji yameshampungua kwa kuhara. Kuna kutokwa damu isiyokata, kuna vijidudu kuingia kwenye damu, kuna pepopunda, na kifaa kikipita mdomo hadi mdomo bila kuchemshwa kinabeba hata virusi vya UKIMWI. Akinusurika yote hayo, bado kuna jino la pili. Chonge la ukubwani huanza kujijenga mtoto akiwa na miezi minne au mitano, na liko pale pale, jirani kabisa na la utotoni. Spoki haibagui. Nimeona watoto wa miaka 10 ambao chonge halikuota kabisa, na wengine limeota limepinda, lina mashimo na madoa ya njano.

Mama wa Mapacha, wanao walipona kweli na namshukuru Mungu. Ila kuhara kwa watoto mara nyingi hukoma kwenyewe baada ya siku kadhaa, na mtu aliyemshika mtoto siku ya nne ndiye anayepewa sifa. Umri nao unatuchanganya. Miezi sita hadi kumi ndiyo kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, uji umeanza, maji yameanza, anatambaa na kila akiokotacho kinaenda mdomoni. Kuhara kunaingia kwa njia hiyo, na ni wakati huo huo fizi zinatuna. Vinafuatana tu. Jino linaloota linaleta udenda, usumbufu na kulialia. Haliharishi mtoto siku nne wala halimpi homa kali.

Neno la mwisho kwako Mama Junior, kuhusu mama mkwe. Usimbishie usiku huu. Mwambie, "Mama, kwanza tumpeleke akaongezewe maji, hana nguvu ya kung'olewa kitu." Na uende naye. Nakusihi uende naye, wala usimwache nyumbani akisubiri taarifa. Bibi wa mtoto akiambiwa yeye mwenyewe, akaonyeshwa, anakuwa mlinzi wa mtoto kuliko mimi na wewe. Katika miaka yangu 14, watoto waliookoka spoki wengi wao waliokolewa na bibi zao.

Mama Chonge

Nimesoma nikalia. Mimi ndiye mama aliyekubali. Mwaka 2015, nilikuwa na miaka 20, mtoto wa kwanza, sijui lolote. Nilimshika mwenyewe mikono na kichwa. Sauti ile sijaisahau mpaka leo. Damu ilitoka mpaka jioni, tukawa tunaweka kitambaa na majivu. Kuhara hakukukata hata hivyo, siku ya tatu tukaishia hospitali na kadi ya kliniki mkononi, nesi ananiuliza mdomoni kumefanywa nini, nashindwa kujibu.

Alipona, sasa ni binti mkubwa. Ila chini kushoto hana chonge, na kulia limetoka na shimo la kahawia. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Hakuna siku nimemwambia ni mimi. Mama Junior, tafadhali.

Mwanambarara

Huku Uganda magharibi wanayaita ebiino, hadithi ni hiyo hiyo, hata spoki ni hiyo hiyo. Dada yangu mdogo aling'olewa ebiino. Usikubali.

Mama Junior, Manyoni (Ijumaa jioni)

Wapendwa, asanteni sana. Nilishindwa kujibu mapema.

Usiku nilimfinya ngozi ya tumbo, ikarudi taratibu kidogo, na utosi ulikuwa umebonyea. Nikaogopa. Sikumbishia mama, nilimwita nikamwekea kidole chake pale utosini, nikamwambia ndiyo hii inayonitisha. Alinyamaza, akaenda kuchukua khanga zake. Saa tisa za usiku tukatoka na bodaboda wote watatu.

Kituoni walimpima malaria, hana. Wakamnywesha ORS kwa saa nne pale pale, kikombe na kijiko, na aliyeshika kijiko ni mama mkwe, alikataa nisimshike. Tumepewa zinki. Nikamuomba muuguzi amwonyeshe mama yale ya kwenye ufizi. Hakucheka. Akamleta mtoto mwingine aliyekuja chanjo, miezi minane, mnene, mzima kabisa, akamwomba mama yake, akaufunua mdomo. Vivimbe hivyo hivyo. Mama mkwe aliangalia muda mrefu, akauliza, "Na huyu haharishi?" Haharishi.

Mchana huu ameharisha mara mbili tu, na amekojoa. Mama hajataja Jumamosi tena, wala mimi sijamuuliza.

Tabibu, nina swali moja. Meno ya mbele chini mawili yameshachungulia. Nianze kuyasafisha au nisubiri yatimie? Na kwenye uji wake huwa naweka sukari.

Tabibu wa Meno

Nimefurahi mno. Msalimie mama, umpe shikamoo yangu.

Anza sasa, usisubiri yatimie. Mswaki mdogo wa mtoto wenye nywele laini, dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya mchele, isizidi. Asubuhi, na usiku kabla hajalala. Mlaze mapajani, kichwa kwenye tumbo lako, vile vile mama alivyomlaza juzi, utayaona meno vizuri. Akifika miaka mitatu unaongeza mpaka kiasi cha punje ya njegere, na uendelee kumsaidia hadi miaka saba au nane, kwa sababu mkono wake bado haufiki kwenye magego. Kama maji ya kwenu ni ya chumvi chumvi, ya kisima kirefu, na wakubwa wa hapo wana meno ya kahawia, niambie kwanza, maana floridi ya majini nayo ni suala jingine.

Sukari iondoe kwenye uji. Hajui utamu bado, hatauulizia. Na asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni, hiyo ndiyo inayokula meno ya mbele ya juu mpaka yanabaki visiki.

Mama wa Mapacha

Tabibu, nimesoma yote, mara mbili. Mapacha wangu sasa wana miaka sita. Jana usiku nimewamulika, kweli machonge ya chini hayapo, wote wawili. Nilidhani yataota. Niwapeleke wapi, na bado kuna la kufanya?

Tabibu wa Meno

Lipo, dada. Wapeleke kitengo cha kinywa na meno hospitali ya wilaya, uwaambie wazi kilichofanyika na walikuwa na miezi mingapi. Machonge ya ukubwani ya chini huota kwenye miaka 9 au 10, kwa hiyo umewahi. Wakipigwa picha ya eksirei itaonekana kama yapo ndani na yamekaaje, na nafasi inaweza kulindwa meno ya jirani yasije yakaifunga. Nenda nao wote wawili siku moja. Na usijifiche kwa mtu yeyote pale, hukufanya kwa ubaya.