Tupeane uzoefu: tajiri wako wa kampuni ndogo huku Kusini amewahi kukufanyia nini?

Mleta mada: Leo jioni nimeona pikapu ya tajiri wangu wa zamani pale Shangani, Mtwara. Miaka minne nimeacha kazi kwake, lakini aliposhika honi nikashuka kwenye baiskeli na kujificha nyuma ya muuza pweza. Honi mbili ilikuwa njoo, tatu ni njoo na daftari. Leteni na za kwenu.

Mpwa wa Nachingwea: Wangu alikuwa ananipigia saa tano usiku kuulizia ufunguo wa stoo. Ufunguo anao yeye.

Chuno Kwetu: Wote baba mmoja hao.

Karani Mstaafu: Nilikuwa karani wa ghala la mtu binafsi Masasi. Tupo watano, pamoja na mkewe ambaye ndiye mhasibu, na shemeji yake ambaye cheo chake hatukukijua hadi naondoka. Korosho tulipokea Novemba, Januari zikapimwa upya, zimepungua kilo 212. Aliyezaliwa huku anajua mnyauko, korosho ikikauka uzito unashuka. Nikamweleza. Akasema, "Huo mnyauko una miguu?" Akanipandisha kwenye mzani mbele ya vibarua, na buti zangu, akaandika 58. Eti kila mwisho wa mwezi nitapimwa, nikinenepa ndiyo ushahidi! Miezi miwili nikapokea nusu mshahara. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, nikafunga, siku ya mzani ikasoma 55. Nikamwambia, "Tajiri, na mimi nimenyauka, hizi kilo tatu akatwe nani?" Vibarua walicheka hadi wakatua magunia. Nikafukuzwa palepale.

Chuno Kwetu: Akatwe nani 😂😂 nimemwaga chai

Mama Lishe wa Lindi: Mimi namwazia huyo shemeji.

Mwenye Duka: Kilo 212 kwenye magunia mangapi? Hasemi. Nina vijana sita, nauza vifaa vya ujenzi, kila siku kitu kimepotea. Na saruji inanyauka?

Karani Mstaafu: Magunia 160 ya kilo themanini. Haifiki kilo moja na nusu kwa gunia. Piga hesabu, tajiri.

Mwenye Duka: Mimi si tajiri.

Mpwa wa Nachingwea: Vijana sita na si tajiri. Unawalipia NSSF?

Mwenye Duka: Mada ni mzani.

Msomi wa Ligula: Karani, ungeenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu ufukuzwe. Na sheria ya ajira ya 2004 hairuhusu kukukata hasara kienyeji namna hiyo bila wewe kukubali kwa maandishi.

Karani Mstaafu: Maandishi gani, tuliajiriana kwa mdomo chini ya mkorosho.

Msomi wa Ligula: Kwa mdomo nayo ni ajira. Miamala ya mshahara kwenye simu ingetosha kuanzia.

Babu wa Mikindani: Msimdanganye kijana. Mji mdogo huu, ukimshtaki mmoja, msimu ujao hakuna atakayekupa daftari. Vumilia, Oktoba hama ghala.

Mama Lishe wa Lindi: Babu, watu wanakatwa nusu unasema vumilia? Mimi wangu nilimtuliza kwa kumpelekea mkewe ming'oko, vile viazi vya porini, kila Ijumaa. Mwezi mmoja tu, kelele kwisha.

Mpwa wa Nachingwea: Huyo mkewe ndiye mhasibu, soma vizuri.

Mleta mada: Karani, mlionana tena?

Karani Mstaafu: Juzi kanipigia, msimu umekaribia hana karani. Nikamuuliza kama mzani bado upo. Akakata simu.

Mwenye Duka: Magunia 160, sawa. Lakini shemeji alikuwa analala ghalani?