Ulinganisho: seva ya ndani, mfumo wa mtandaoni au tableti kwa kituo cha afya cha kisiwani?

Mfawidhi_Kisiwani
Wakuu, habari za kazi. Kituo cha afya upande wa Ukerewe, wagonjwa wa nje 80 hadi 120 kwa siku. Tunataka mafaili ya wagonjwa yawe kwenye kompyuta, zitakazokaa mapokezi, vyumba viwili vya matabibu, maabara na dirisha la dawa. Umeme unakatika, mtandao wa simu unasuasua kila mchana. Tuchukue lipi?

FundiWaya_Mza
Seva ya ndani, mkuu, yaani kompyuta kuu ya kutunza mafaili inayokaa hapohapo kituoni. Jibu la maabara linapita kwenye waya hadi kwa tabibu. Intaneti ikizima foleni inaendelea kutembea.

Hesabu ya umeme: kompyuta ndogo ya seva isiyo na feni wati 15, swichi ya mtandao 5, ruta 10. Jumla 30. Betri ya asidi ya 12V, 100Ah ina wati-saa (Wh) 1,200. Usiishushe chini ya nusu, zinabaki 600. Inveta inapoteza kama asilimia 15, unabaki na 510. Hizo ni saa 17. Ukichomeka hapohapo kompyuta mpakato nne za wati 40, mzigo unakuwa wati 190 na saa 3 hazifiki. Kwa hiyo betri hiyo iwe ya seva na mtandao tu, mpakato zitumie betri zake.

Feni naikataa kwa sababu ya wadudu wa ziwani. Wakitanda usiku hufuata taa, wanavutwa ndani, wanakauka kwenye feni, mashine inapata joto na kujizima.

Mkoba_na_Chanjo
Tableti msizitupe, ila zibaki za huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu vijijini. Kosa kubwa ni namba. Tableti mbili zikiwa nje ya mtandao zote zitatoa namba 0451 kwa watoto wawili tofauti, na siku ya kuunganisha chanjo za mmoja zinaingia kwenye faili la mwingine. Kila tableti ipewe herufi yake: A-0451, B-0451. Saa nazo zilinganishwe kabla ya kupanda mtumbwi, maana mifumo mingi huchukua rekodi yenye saa ya mwisho. Tableti iliyo mbele kwa siku moja itafuta taarifa sahihi.

Takwimu_Ziwa
Kama kituo ni cha serikali, anzeni kwa mganga mkuu wa wilaya: ni toleo gani la GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha vituo vya afya, linafungwa kwenu? Msinunue seva kabla ya jibu hilo.

Sifa ya mfumo wa mtandaoni, ambao data hukaa kwenye seva za mbali, ni kwamba mashine ikiibwa au kuungua, data iko salama kwingine. Ripoti ya mwezi ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, isiwatishe, ni tarakimu tu, hata mtandao dhaifu unaibeba. Ila msidhani mgonjwa akifika hospitali za rufaa za Mwanza, Sekou Toure au Bugando, faili lake litafunguka lenyewe. Mifumo miwili husomana pale tu ilipounganishwa na kukubaliana namba ya mgonjwa. Barua ya rufaa iliyochapwa iendelee kusafiri naye.

Mfawidhi_Kisiwani
Asanteni. Na picha za eksirei za kuomba ushauri wa daktari bingwa?

FundiWaya_Mza
Picha ya kifua ya pikseli 2,000 kwa 2,500, baiti 2 kila pikseli, ni MB 10. Kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 1 ni sekunde 80, mtandao ukitulia. Panga foleni itume alfajiri. Ya dharura itangulie. Msipige picha filamu kwa simu na kuirusha WhatsApp: ikibanwa, ufa mwembamba wa mfupa unaweza kupotea, na jina la mgonjwa linabaki kwenye simu ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hapo.

Takwimu_Ziwa
Naongeza la nakala rudufu. Diski mbili za nje, zilizofungwa kwa nenosiri, zikipokezana: moja kituoni, nyingine kwenye kabati la jengo jingine. Kila mwezi rudisheni nakala kwenye kompyuta tupu, mfungue mafaili matano na kuyalinganisha na kitabu cha MTUHA, rejesta ya karatasi ya kituo. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu.

Mkoba_na_Chanjo
Na fomu za karatasi 50 zikae mapokezi, zenye namba tayari, kwa siku seva yenyewe ikigoma.