Tupeane uzoefu: saketi ya kupima muda uliyojiundia ikigoma

Fundi, Nakuru
Ndugu zangu, wafugaji wengi wa kuku hapa kwetu huniletea saketi za kuzima taa za banda walizojiundia kwa chipu ya kupima muda iitwayo 555, ile iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, na mara nyingi huwa wameshabadilisha chipu kabla ya kupima chochote. Kwa maoni yangu, chipu ndiyo ya mwisho kushukiwa. Mimi huanza na mita: pini ya 8 ipate chanya, kati ya volti 4.5 na 16, pini ya 1 iwe kwenye hasi, na pini ya 4 iunganishwe na chanya, kwani ikiachwa bila kuunganishwa saketi inaweza kujikatiza ovyo. Nanyi mmekutana na yapi?

Kisumu
Yangu ilikuwa ya pampu ya maji huko Nyalenda. Mezani ilifanya kazi vizuri, lakini ilipofungwa rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme, ilianza kuhesabu upya kila rilei ilipoachia, kwa sababu koili ikikatiwa umeme hurusha volti nyingi kwa ghafla, nazo huivuruga pini ya 2, ile inayoanzisha kuhesabu muda. Tuliweka diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya, pamoja na kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini za 8 na 1, na tatizo likaisha. Tafadhali angalieni sana upande wa diodi.

Bungoma
Kagueni pia kitufe cha kuanzishia. Kikikwama, pini ya 2 hubaki chini ya theluthi moja ya volti za betri, na pini ya 3, ile ya kutoa umeme kwa taa au rilei, haishuki hata muda ukiisha.

Mwalimu wa fizikia, Kakamega
Wanafunzi wangu walitumia betri ya volti 9, rezista ya megaomu 1 na kapasita ya maikrofaradi 470. Kwa kanuni ya 1.1 × R × C (R ni rezista, C ni kapasita) walitarajia sekunde 517, lakini taa haikuzima kamwe. Volti za kapasita hazina budi kufika 6, yaani theluthi mbili za betri, ndipo muda uishe, na zinapokaribia hapo rezista hiyo hupitisha maikroampia 3 tu. Kapasita ya elektroliti inayovuja zaidi ya hapo haiwezi kujaa. Tulipoweka rezista ya kiloomu 100, taa ilizima, nasi tukajua kwamba kasoro iko kwenye kapasita.

Fundi, Nakuru
Mwalimu, nashukuru sana, maana hapo ndipo wengi hukwama. Naongeza kwamba mita yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 1, ikiwekwa kwenye pini ya 6 ya saketi hiyo, ile inayosoma volti za kapasita, itasimama kwenye volti 4.5 na kuzuia muda usiishe hata kama kapasita ni nzima. Kwa saketi za muda mrefu, pimeni pini ya 3.